Jimbo linaweza kujitoa kwenye shirikisho kwa mujibu wa sheria? Naandaa mdahalo, naomba vifungu

Mwalimu_Gungu (Kigoma)

Wakuu, habari za jioni. Naandaa mdahalo wa kidato cha tano na sita hapa Kigoma mjini. Mada ni hii: "Jimbo la shirikisho lina haki ya kisheria ya kujitenga."

Wanaounga mkono wamekuja na hoja tatu. Ya kwanza, Texas iliingia Marekani kwa makubaliano yanayoiruhusu kutoka ikitaka. Ya pili, Mkataba wa Umoja wa Mataifa unazipa jamii zote haki ya kujiamulia mambo yao, kwa hiyo jimbo lolote linaweza kuondoka. Ya tatu, kura ya maoni ikishinda mambo yamekwisha. Wapinzani wao wana hoja moja tu wanayoirudia: hakuna katiba duniani inayokubali kujivunja yenyewe.

Naona pande zote zina matobo. Nataka vifungu, miaka na takwimu za kura ambazo mtu hawezi kuzipangua jukwaani. Na kwa kuwa tuko ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, Katanga ya Kongo itatajwa tu, na Muungano wetu nao hautakosa. Naombeni msaada.

---

Wakili_Isevya (Tabora)

Mwalimu, kabla ya yote watenganishie maswali mawili ambayo watu huyachanganya. Kuna sheria ya ndani: katiba ya shirikisho inasemaje? Halafu kuna sheria ya kimataifa: dunia inalichukuliaje jimbo lililojitangaza? Jibu la moja si jibu la lingine, na midahalo mingi huharibika hapo.

Kwa upande wa ndani, Marekani ina kesi ya Texas dhidi ya White ya mwaka 1869. Chanzo chake ni pesa. Baada ya makubaliano ya mpaka ya 1850, Texas ilipewa hatifungani za serikali ya Marekani. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, serikali ya Texas iliyokuwa upande wa waasi iliuza baadhi yake kwa wafanyabiashara, na vita vilipokwisha Texas ikashtaki ili irudishiwe. Washtakiwa wakajitetea kwamba Texas ilishajitoa, si jimbo tena, kwa hiyo haina haki ya kufungua kesi moja kwa moja Mahakama ya Juu ya Marekani. Mahakama ikalazimika kujibu: je, Texas iliwahi kutoka? Jaji Mkuu Salmon Chase aliandika kwamba haikutoka hata siku moja. Azimio lake la kujitenga lilikuwa batili tangu lilipopitishwa, kwa sababu Katiba ilijenga muungano usiovunjika wa majimbo yasiyovunjika. Majaji watano, yeye akiwa mmoja wao, waliafiki, watatu wakapinga.

Sasa wanafunzi wako wa kupinga wasishangilie mapema. Hukumu hiyohiyo iliacha milango miwili: mapinduzi, au ridhaa ya majimbo mengine. Mapinduzi si njia ya kisheria, lakini ridhaa ni njia ya kisheria. Kilichokatazwa ni jimbo kujiamulia peke yake.

Hoja ya Texas na makubaliano yake ifutwe kabisa. Azimio la Bunge la Marekani la 1845 liliruhusu Texas kugawanywa, yaani kutoka humo yaweze kuzaliwa majimbo mengine mapya yasiyozidi manne. Halisemi lolote kuhusu kutoka. Watu wamesikia "kugawanyika" wakaelewa "kuondoka."

Kesi ya pili, na kwangu ndiyo bora kuliko zote kwa mdahalo, ni ya Kanada. Jimbo la Quebec lilipiga kura ya maoni ya kujitoa tarehe 30 Oktoba 1995. Hapana asilimia 50.58, Ndiyo 49.42, tofauti ikiwa kura 54,288. Serikali ya shirikisho iliona imenusurika, ikapeleka maswali Mahakama ya Juu ya Kanada. Tarehe 20 Agosti 1998 majaji wote tisa wakatoa jibu moja lenye sehemu mbili: Quebec haiwezi kujitoa kwa uamuzi wake peke yake, si kwa katiba wala kwa sheria ya kimataifa. Lakini wakazi wake wakisema "tunatoka" kwa wingi usio na utata, kwa swali lisilo na utata, basi Kanada nzima ina wajibu wa kikatiba wa kukaa mezani kujadiliana. Wajibu wa kujadiliana, sio wajibu wa kukubali. Wanafunzi wakiielewa tofauti hiyo, nusu ya mdahalo imekwisha.

Bunge likafuatisha sheria mwaka 2000: Bunge la shirikisho ndilo linaamua kama swali liko wazi, na baada ya kura linaamua kama wingi unatosha. Asilimia haikutajwa, kwa makusudi. Upungufu wake ni kwamba anayepiga kura hajui mapema lengo liko wapi.

Ujerumani ilimaliza kwa mistari michache tu. Desemba 2016 Mahakama ya Katiba ilitupa ombi la mtu aliyetaka kura ya maoni ya Bavaria kujitoa, ikisema majimbo si wenye Katiba. Wenye Katiba ni wananchi wa Ujerumani kwa ujumla.

---

Binti_Kitete (Tabora)

Naongezea upande wa pili, maana hoja ya "hakuna katiba inayokubali" si kweli kabisa. Mfano wa kwanza uko jirani: Ethiopia.

Ibara ya 39 ya Katiba ya 1995 inatoa haki ya kujitenga na inaweka hatua. Hoja ipitishwe na theluthi mbili ya wajumbe wa baraza la kutunga sheria la jamii husika. Serikali ya shirikisho ikishapokea uamuzi, iandae kura ya maoni ndani ya miaka mitatu. Kura ikipata zaidi ya nusu, serikali ya shirikisho ikabidhi madaraka, na mali zigawanywe kwa namna itakayowekwa na sheria. Mtego uko hapa: mwenye haki ni "mataifa na watu" wa Ethiopia, si majimbo. Kwenye jimbo lenye makabila mengi, jimbo lenyewe silo lenye haki. Mwanafunzi akisema "Katiba ya Ethiopia inaruhusu jimbo kujitenga" akisomewa ibara hiyo atakwama.

Na wasitaje Eritrea kama mfano wa ibara ya 39. Eritrea ilipiga kura Aprili 1993, miaka miwili kabla ya Katiba hiyo. Yake ilikuwa habari nyingine: iliunganishwa na Ethiopia kwa shirikisho mwaka 1952 chini ya azimio la Umoja wa Mataifa, shirikisho likafutwa mwaka 1962 na Eritrea ikafanywa mkoa, vita vikaendelea miaka 30.

Mfano wa pili ni mdogo lakini ni mtamu: Saint Kitts na Nevis, visiwa viwili vya Karibiani vyenye shirikisho. Kifungu cha 113 cha Katiba ya 1983 kinaruhusu Nevis kujitoa. Masharti: theluthi mbili ya wabunge wa kuchaguliwa wa Nevis wapitishe muswada, mapendekezo kamili ya katiba mpya ya kisiwa yawekwe mezani angalau miezi sita kabla ya kura, kisha theluthi mbili ya kura halali za wananchi zikubali. Walipiga tarehe 10 Agosti 1998. Ndiyo ilipata karibu asilimia 62. Imeshinda kwa mbali kama unavyohesabu uchaguzi wa kawaida, na bado imeshindwa, kwa sababu sharti ni asilimia 66 na ushee. Nevis ipo ndani mpaka leo. Hoja ya tatu ya vijana wako imeishia hapo.

Muungano wa Serbia na Montenegro nao uliandika kwenye hati yake ya 2003 kwamba baada ya miaka mitatu mmoja anaweza kutoka kwa kura ya maoni. Kwa Montenegro kiwango kilikubaliwa kuwa asilimia 55, kwa usimamizi wa Umoja wa Ulaya. Tarehe 21 Mei 2006 Ndiyo ikapata asilimia 55.5. Kiduchu mno, lakini kwa kuwa kiwango kiliwekwa na kukubaliwa na pande zote kabla ya kura, Serbia haikuwa na pa kupingia.

Wamkumbuke pia Mrusi. Ibara ya 72 ya Katiba ya Kisovieti ya 1977 ilisema kila jamhuri ina haki ya kutoka kwa hiari. Kwa miaka mingi hapakuwa na utaratibu wowote wa kuitekeleza. Sheria ya utaratibu ikaja tarehe 3 Aprili 1990: theluthi mbili ya wakazi wenye haki ya kupiga kura, muda wa mpito hadi miaka mitano, na idhini ya mwisho kutoka Moscow. Lithuania ilikuwa imeshatangaza uhuru tarehe 11 Machi, wiki tatu kabla. Haki iliyoandikwa bila hatua za kuitekeleza ni haki ya karatasi, na utaratibu unaoletwa nyumba imeshashika moto hakuna anayeufuata.

---

Mzee_wa_Ujiji (Kigoma)

Nashukuru kwa michango. Mimi nitaongelea Katanga na sheria ya kimataifa.

Moïse Tshombe alitangaza kujitenga kwa Katanga tarehe 11 Julai 1960, siku kumi na moja tu baada ya uhuru wa Kongo. Alikuwa na migodi, alikuwa na askari wa kukodiwa, alikuwa na maofisa wa Kibelgiji. Alichokosa ni kutambuliwa: hakuna nchi hata moja iliyoitambua rasmi. Januari 1963 majeshi ya Umoja wa Mataifa yakalimaliza jambo hilo. Angalizo kwa vijana: Kongo ya 1960 haikuwa shirikisho kamili, kwa hiyo Katanga ni mfano wa mkoa kujitenga. Wakiitaja waseme hivyo.

Lakini Katanga ina sehemu ya pili ambayo wengi hawaijui. Mwaka 1992 Kongamano la Watu wa Katanga lilipeleka malalamiko Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, likitaka Katanga itambuliwe kuwa huru dhidi ya Zaire (jina la Kongo wakati huo), likitegemea ibara ya 20 ya Mkataba wa Afrika inayotaja haki ya watu kujiamulia. Mwaka 1995 Tume ikajibu kwamba kujiamulia kuna sura nyingi: uhuru kamili, utawala wa ndani, serikali za mitaa, shirikisho. Bila ushahidi wa ukiukwaji mkubwa wa haki za binadamu, au wa watu wa Katanga kunyimwa nafasi ya kushiriki serikalini, wachague sura isiyogusa mipaka ya Zaire. Maneno hayo yana makali pande zote mbili. Yanakataza, na hapohapo yanaacha upenyo kwa jamii iliyokandamizwa kupita kiasi.

Hiyo ndiyo picha ya sheria ya kimataifa kwa ujumla. Haki ya kujiamulia ipo kwenye Mkataba wa Umoja wa Mataifa, ni kweli. Imetumika kutoa uhuru kwa makoloni na kwa watu walio chini ya uvamizi wa kigeni. Azimio namba 2625 la Oktoba 1970 linalinda mipaka ya nchi yenye serikali inayowawakilisha watu wake wote bila ubaguzi. Afrika tukaongeza letu: Cairo, Julai 1964, wakuu wa nchi huru waliahidi kuheshimu mipaka waliyoikuta siku ya uhuru.

Kosovo, iliyojitenga na Serbia, italetwa pia. Mahakama ya Kimataifa ya Haki, tarehe 22 Julai 2010, ilisema tangazo la uhuru la Kosovo la 2008 halikuvunja sheria ya kimataifa. Haikusema Kosovo ilikuwa na haki ya kujitenga. Swali hilo silo ililoulizwa, na haikulijibu. Kutokatazwa si sawa na kupewa haki.

Na wasisahau Biafra, maana sisi wenyewe tumo humo. Ilitangazwa tarehe 30 Mei 1967 kutoka shirikisho la Nigeria, ambalo katiba yake haikuwa na kifungu cha kutoka. Tanzania ya Mwalimu Nyerere ikaitambua tarehe 13 Aprili 1968, ya kwanza duniani, kwa hoja kwamba muungano hauwezi kusimama bila ridhaa ya watu na serikali iliyoshindwa kulinda uhai wa raia wake haiwezi kuwadai utii. Nchi chache tu zilifuata. Januari 1970 Biafra ikasalimu amri. Hapo kuna hoja nzito ya kimaadili kwa upande wa kuunga mkono, na waitumie, ila wasiiite ya kikatiba.

---

Mwalimu_Gungu (Kigoma)

Shikamoo Mzee, na asanteni Wakili na dada Kitete. Nimebakiwa na mawili. Muungano wetu unasimama wapi kwenye hili? Na tuseme pande mbili zimekubaliana kuachana kwa amani, kazi inayofuata ni ipi hasa? Vijana wanadhani ni kupandisha bendera tu.

---

Wakili_Isevya (Tabora)

La Muungano nitalijibu kwa vifungu tu.

Kwanza, Tanzania si shirikisho kwa muundo wake wa sasa. Ni muungano wa serikali mbili. Muundo wa shirikisho la serikali tatu ulipendekezwa kwenye rasimu ya Tume ya Jaji Warioba mwaka 2013 na haukupita Bunge Maalumu. Kwa hiyo mfano huu uko karibu na mada lakini hauko ndani yake.

Pili, Katiba ya 1977 haina kifungu cha kutoka. Ina ibara ya 98 kuhusu kubadili Katiba. Mambo yaliyo kwenye Orodha ya Pili ya Nyongeza ya Pili hayabadiliki bila theluthi mbili ya wabunge wote wa Tanzania Bara na theluthi mbili ya wabunge wote wa Zanzibar, kila upande ukihesabiwa peke yake. Jambo la kwanza kabisa kwenye orodha hiyo ni kuwapo kwa Jamhuri ya Muungano. Maana yake ya kivitendo: Bara yenye wabunge wengi haiwezi kuifuta peke yake, na Zanzibar haiwezi kuondoka peke yake. Ni kanuni ya ridhaa, ileile iliyotajwa 1869 na 1998, isipokuwa kwetu imewekewa hesabu.

Tatu, ibara ya 20 inakataza kuandikishwa kwa chama cha siasa kinachopigania kuvunjwa kwa Jamhuri ya Muungano. Kujadili sheria darasani si kukipigania chochote, lakini mwelekeze mwenyekiti wa mdahalo asiruhusu hotuba za kampeni.

Ukitaka hukumu, ipo ya Mahakama ya Rufani ya mwaka 2000, kesi ya Machano Khamis Ali na wenzake 17. Walishtakiwa kwa uhaini dhidi ya Serikali ya Zanzibar. Mahakama ikasema uhaini hutendwa dhidi ya dola, na dola hapa ni Jamhuri ya Muungano. Mwaka 2010 Katiba ya Zanzibar ikarekebishwa na kuandika kwamba Zanzibar ni nchi. Wanasheria wanabishana hadi leo jinsi ya kuyasoma hayo mawili pamoja, na ningefurahi kuona vijana wakijaribu.

---

Binti_Kitete (Tabora)

Swali la kazi baada ya kukubaliana ndilo ninalolipenda.

Kielelezo safi ni Chekoslovakia. Hapakuwa na kura ya maoni. Bunge la shirikisho lilipitisha sheria ya katiba tarehe 25 Novemba 1992, na usiku wa kuamkia 1 Januari 1993 nchi zikawa mbili. Mali zisizohamishika zilibaki zilipo: reli, kambi, majengo yakawa ya nchi yenye ardhi. Vinavyohamishika na madeni viligawanywa mbili kwa moja, kwa kufuata idadi ya watu, Wacheki wakiwa takriban mara mbili ya Waslovakia. Walichokosea kukadiria ni sarafu. Walipanga kuendelea kutumia moja kwa miezi kadhaa, ikadumu wiki tano na ushee, hadi 8 Februari. Watu walihamishia pesa upande waliouona imara, wakaziacha benki za Slovakia zikikauka. Ikabidi noti za zamani zibandikwe stempu ndogo zenye tarakimu ili kutofautisha za huku na za kule, mpaka noti mpya zichapwe.

Sudani ni kielelezo cha upande wa pili. Mkataba wa Januari 2005 uliipa Kusini kura ya maoni baada ya miaka sita, kwa sharti la asilimia 60 ya waliojiandikisha kujitokeza. Januari 2011 Ndiyo ilipata asilimia 98.83 na tarehe 9 Julai nchi ikazaliwa. Kisheria hakuna doa. Lakini mambo matatu yaliachwa bila kufungwa kabla ya bendera: mpaka, hatima ya eneo la Abyei lililoko mpakani, na ada ya bomba la mafuta. Karibu robo tatu ya mafuta ilibaki Kusini, bomba na bandari vikabaki Kaskazini. Januari 2012 Kusini ikafunga visima kwa ugomvi wa ada hiyo, ikakosa mapato yake yenyewe.

Na kwa Tabora na Kigoma, miji ya reli, mfano wa nyumbani ni Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza. Haikuwa shirikisho, najua, ila ilikuwa na reli, bandari, posta na ndege za pamoja. Ilivunjika 1977 bila makubaliano ya mgawanyo. Makubaliano yalipatikana Mei 1984, miaka saba baadaye: Kenya asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26. Mafao ya wafanyakazi wake hapa kwetu yaliendelea kudaiwa mahakamani miongo mingine baada ya hapo. Jumuiya ya sasa ikajifunza. Ibara ya 145 ya Mkataba wake inasema anayetaka kutoka apate azimio la Bunge lake kwa theluthi mbili, kisha atoe notisi ya maandishi ya miezi 12 kwa Katibu Mkuu, na ibara hiyohiyo inamruhusu kuifuta notisi kabla muda haujaisha.

Hatua ya mwisho ni kiti Umoja wa Mataifa: kura tisa kati ya 15 za Baraza la Usalama bila kura ya turufu (veto) ya mwanachama wa kudumu yeyote, halafu theluthi mbili ya Baraza Kuu. Sudani Kusini ilipata ndani ya siku tano kwa sababu Khartoum yenyewe ilikubali. Kosovo haijapata.

---

Mzee_wa_Ujiji (Kigoma)

Mwalimu, nashauri ubadili mada, maana ilivyo sasa upande wowote unaweza kushinda kwa kucheza na maneno. Iandike hivi: "Jimbo la shirikisho lina haki ya kisheria ya kujitenga bila ridhaa ya wenzake, pale katiba inapokuwa kimya." Ethiopia na Nevis zitatoka nje ya mada kwa sababu katiba zao hazikuwa kimya. Watabaki na Texas, Quebec, Katanga, Biafra na Kosovo, na ubishi wenyewe utakuwa pale Tume ya Afrika ilipoacha upenyo mwaka 1995: ukandamizaji ufike kiasi gani, na nani aupime.

---

Mwalimu_Gungu (Kigoma)

Nimeibadili kama ulivyoandika, Mzee. Upande wa kuunga mkono nimewapa Biafra na uamuzi wa Tume, wapinzani nimewapa Texas na Quebec. Swali la nani apime nimelikabidhi kwa mwenyekiti, awaulize wote wawili.